Túrin na Msamaha Alioukataa



Swali la jioni hii ni kama shujaa aliyelaaniwa angeweza kuepuka anguko lake. Sitalijibu kwa mashujaa wote. Nitalijibu kwa mmoja, Túrin mwana wa Húrin, ambaye J. R. R. Tolkien alianza kumtunga akiwa kijana na hakuachana naye hadi uzeeni. Jibu langu nalitoa mapema ili kila mtu ajue ninakoelekea: angeweza. Majonzi asingeyaepuka, maana yalimfika akiwa na miaka mitano, tauni ilipomchukua dada yake mdogo Lalaith kabla yeye hajatenda lolote jema wala baya. Lakini anguko lile, kwa sura ile, dada mtoni na kaka juu ya ncha ya upanga wake, lilikuwa na njia ya kulikwepa, na njia hiyo alionyeshwa zaidi ya mara moja. Wasomaji wengi husema kiburi ndicho kilichomzuia kuifuata. Mimi naona chini ya kiburi kulikuwa na jambo jingine, nalo ndilo nataka tulitazame. Túrin alisamehewa, tena na mfalme, mbele ya baraza zima, na msamaha huo ukaletewa mkononi mwake na rafiki aliyempenda kuliko wote. Akaukataa.

Kisa chake kimo kwa ufupi katika The Silmarillion, kitabu kilichotoka mwaka 1977, na kwa urefu katika The Children of Húrin, ambacho Christopher Tolkien alikikusanya kutoka miswada ya baba yake na kukichapisha mwaka 2007. Mbegu ni ya zamani zaidi. Mwaka 1914 Tolkien, mwanafunzi wa Chuo cha Exeter huko Oxford, alianza kuandika upya kisa cha Kullervo, kijana mwenye mkosi anayesimuliwa katika Kalevala, utenzi wa Wafini uliokusanywa na Elias Lönnrot. Kullervo analala na dada yake bila kumjua, dada anajitosa mtoni, na yeye anauuliza upanga wake kama uko tayari kumuua. Yote hayo tutayakuta kwa Túrin. Joka linalochomwa tumbo kutoka chini limetoka kwa Sigurd wa masimulizi ya kaskazini ya Ulaya. Na katika barua ndefu ya mwaka 1951 Tolkien alimtaja pia mfalme wa Thebe, yule ambaye wasomaji wetu walimjua kwa jina la Mfalme Edipode kupitia tafsiri ya Samuel Mushi.

Huyo wa mwisho ametupotosha kidogo. Edipode hana pa kutokea. Kila anachofanya ili kuikimbia kauli ya miungu ndicho kinachoitimiza, na kauli yenyewe imetoka kwa wanaouona mwisho. Tukimsoma Túrin kama Edipode mwingine tutakosea tangu ukurasa wa kwanza, kwa sababu aliyemlaani Túrin hakuuona mwisho.

Laana ilianza hivi. Waelfi na wanadamu walioshirikiana nao walivunjwa katika Vita vya Machozi Yasiyohesabika. Húrin, bwana wa Dor-lómin, alibaki nyuma na watu wake kuziba njia ili Turgon, mfalme wa mji uliofichwa wa Gondolin, apate kujiokoa. Akakamatwa hai. Morgoth, adui mkuu wa nyakati hizo, alitaka kujua mji ule uko wapi. Húrin akakataa kusema, akamdhihaki usoni. Hapo Morgoth akamlaani yeye, mkewe na uzao wake, akamketisha kwenye kiti cha jiwe mahali pa juu katika milima ya Thangorodrim, akamfunga kwa nguvu zake asiweze kuondoka, ayatazame yote yatakayowapata watoto wake, ila ayatazame kwa macho ya Morgoth mwenyewe. Alikaa pale miaka 28.

Kabla Húrin hajaketishwa pale, yeye na Morgoth walibishana, na mabishano yale ni muhimu kuliko laana. Morgoth anajitangaza kuwa bwana wa majaliwa ya dunia. Húrin, akiwa amefungwa minyororo, anamkatalia: anamwambia kwamba hata akiwatesa watu wake, hawezi kuwafuata wakishavuka mipaka ya ulimwengu. Nani mkweli? Tolkien alikuwa Mkatoliki mwenye kuishika imani yake, na hakumpa adui huyu mamlaka ya Mungu. Katika The Silmarillion anasimulia kwamba Ilúvatar, Muumba, aliwapa wanadamu kipawa ambacho Waelfi hawakupewa, nacho ni uwezo wa kuyaunda maisha yao kupita ule Muziki wa mwanzo, ambao kwa viumbe wengine wote ni kama kudra. Kwa sheria ya ulimwengu huo, basi, kama kuna kiumbe asiyefungwa na yaliyokwisha kuandikwa, ni mwanadamu. Na Túrin ni mwanadamu.

Upo ushahidi mwingine, nami nauona mzito zaidi kwa kuwa unatoka kwa adui. Tunaambiwa kwamba Morgoth alipokuwa akimwinda Túrin alikuwa na hofu mbili moyoni. Ya kwanza, kijana angeweza kukua na kupata nguvu kiasi cha kuibatilisha laana. Ya pili, angeweza kurudi Doriath, nchi ya Waelfi alikolelewa, na kupotea tena machoni pake. Aliyelaani ndiye anayetueleza jinsi ya kuponyoka! Njia ya nguvu Túrin aliifuata maisha yake yote, jina baada ya jina, jeshi baada ya jeshi. Njia ya pili ilimtaka arudi tu kwa waliomlea.

Kwa nini hakurudi? Hapa lazima twende nyumbani kwao, kwa mama yake.

Morwen alikuwa mwanamke wa ukoo mkubwa, mrembo, mkavu wa machozi. Baada ya vita, nchi yao ilipokaliwa na wageni waliotumwa na Morgoth, alimpeleka Túrin, mtoto wa miaka minane, kwa Mfalme Thingol wa Doriath, nchi iliyozungukwa na ulinzi wa kichawi wa Malkia Melian. Yeye mwenyewe hakwenda. Alikuwa na mimba ya Niënor, na njia ilikuwa ya hatari. Sababu hizo ni za kweli. Lakini msimulizi hafichi nyingine: hakutaka kuwa mgeni wa kuhifadhiwa, hata kwa mfalme. Thingol alipotuma wajumbe kumwita, alikataa tena, akawapa Kofia ya Joka ya ukoo wao waipeleke kwa mwanawe. Aliposhindwa kupokea, alitoa. Mtoto aliyelelewa hapo alijifunza mapema kwamba mwenye heshima ni yule anayetoa, na anayepewa ameshuka.

Na Túrin alikuwa mtoaji kwelikweli. Kabla ya kuondoka nyumbani alipewa kisu kilichofuliwa na Waelfi, zawadi ya siku yake ya kuzaliwa. Siku ileile akakichukua akampa Sador, mtumishi aliyekuwa amejikata mguu kwa shoka msituni na ambaye alikuwa rafiki yake wa pekee. Sador akaogopa kukipokea, mtoto akamsihi. Wachambuzi hukitaja kitendo hiki kama dalili ya moyo wa huruma, na ni kweli alikuwa nao. Lakini mtazameni mtoto huyu vizuri. Kutoa kunamjia kwa wepesi wa ajabu. Siku atakayotakiwa kupokea, mkono utamkauka.

Siku hiyo ilimkuta akiwa na miaka 20. Alikuwa amekaa mpakani miaka mitatu akipigana na maorki, askari wa Morgoth, pamoja na Beleg, mpiga upinde mkuu wa Doriath. Akarudi Menegroth, jumba la mfalme lililochongwa chini ya ardhi, nywele timutimu, nguo zimechakaa, akaketi bila kuangalia mahali pa Saeros, mmoja wa washauri wa Thingol ambaye siku nyingi hakumpenda. Saeros akamkejeli. Mwisho akauliza kama wanawake wa kwao nao hukimbia kama paa, wamevaa nywele zao tu. Wanawake wa kwao, kwa Túrin, walikuwa wawili: mama na dada ambaye hajawahi kumwona. Akachukua kikombe kizito cha kunywea akamtupia usoni.

Kesho yake asubuhi Saeros akamvizia msituni kwa upanga, kutoka nyuma. Túrin akamshinda, akamvua nguo zote, akamkimbiza uchi akimchoma kwa ncha ya upanga, huku Mablung, mmoja wa watu wakuu wa Thingol, na wengine wakimfuata wakipiga kelele aache. Saeros akajaribu kuruka korongo lenye mto, hakufika ng'ambo, akavunjika juu ya mwamba. Mablung, mtu wa haki, akamwambia Túrin arudi naye kwa mfalme ahukumiwe. Túrin akakataa. Alikwisha kujihukumu, na hukumu aliyojipa ilikuwa kifungo. Mablung akamwacha aende.

Sasa tubaki Menegroth kwa muda, kwa sababu yanayofuata Túrin hakuyaona, na hilo ndilo chanzo cha yote. Thingol anaketi kuhukumu. Mashahidi wanaeleza walichokiona: mtu uchi akifukuzwa kama mnyama hadi kufa. Mfalme, kwa uchungu wa baba mlezi, anakaribia kutamka kwamba Túrin amefukuzwa Doriath. Ndipo Beleg anaingia amemshika mkono binti mmoja wa Kielfi, Nellas, anayetetemeka. Nellas ni wa misituni; hapendi kukaa chini ya paa la mawe, na zile nguzo na macho yale yote yanamtisha. Zamani alicheza na Túrin alipokuwa mtoto, akamfundisha mambo ya msituni. Kijana alipokua akamsahau. Lakini asubuhi ile Nellas alikuwa juu ya mti, na aliona aliyeanza. Anasema kwa sauti inayokatika. Mfalme anamsikiliza hadi mwisho, kisha anaigeuza hukumu: Túrin ameonewa, kosa lake limesamehewa, atafutwe popote alipo arudishwe nyumbani kwa heshima.

Ukitaka kuona kwamba laana ya Morgoth haikuwa na nguvu ya mwisho, iangalie siku ile ya hukumu. Maneno ya mnyonge mmoja mwenye haya yaliibomoa mbele ya watu wote. Ndani ya Doriath haki ilitendeka, ukweli ulijulikana, na aliyekosewa akapewa haki yake. Kitu kimoja tu kilipungua: mwenyewe hakuwepo. Alikuwa porini amejiunga na genge la wanyang'anyi, akijiita Neithan, yaani Aliyeonewa.

Beleg alimtafuta kwa muda mrefu. Alipoifikia kambi yao Túrin hakuwepo, na wale watu wakamfunga mgeni kwenye mti wakamtesa. Túrin aliporudi akamkuta rafiki yake katika hali hiyo, akazikata kamba, akalia, akaapa hatashambulia tena Waelfi wala wanadamu wasio watumishi wa Morgoth. Hapo tumaini linatujia. Beleg anampa habari yote: Nellas, baraza, msamaha, mahali pake mezani pa mfalme panamsubiri. Na Túrin anakataa. Sababu anazozitoa ni za kuhuzunisha sana mtu akizisoma polepole. Anasema hatakwenda kuombwa radhi na kuhurumiwa kama mtoto mtukutu aliyerudi kwenye adabu. Anasema msamaha ilipasa autoe yeye, asiupokee.

Nikiulizwa ni wapi hasa angeokoka, naweka kidole changu hapo. Hakuna joka bado. Hakuna aliyerogwa. Mtu mzima, mwenye akili timamu, anaambiwa na rafiki mwaminifu kwamba yameisha, rudi. Na njia iko wazi, na mwisho wake ni nchi ambayo Morgoth hawezi kuiona ndani. Kama kulikuwa na mkono wa laana hapo, ulikuwa mbali sana.

Najua hoja ya upande wa pili, na sitaki kuipita kwa haraka. Msomaji atasema: na kifo cha Beleg? Genge lile lilisalitiwa na Mîm, Kibete aliyekuwa mwenyeji wao kwenye kilima cha Amon Rûdh, baada ya kukamatwa na maorki. Túrin akachukuliwa mateka. Beleg, ingawa alikuwa amejeruhiwa, akawafuata maorki hadi msitu wa Taur-nu-Fuin, na usiku, akisaidiwa na Gwindor, Mwelfi wa mji wa Nargothrond aliyetoroka utumwani, akambeba Túrin akiwa amezimia kwa uchovu. Katika giza la mvua inayokuja anaanza kuzikata pingu kwa upanga wake Anglachel, upanga ambao Melian alikuwa amemwonya kwamba una uovu wa mfuaji ndani yake. Ncha inateleza, inamchoma Túrin mguuni. Túrin anazinduka, anaona kivuli chenye upanga kimemwinamia, anadhani wamerudi kumtesa, anaunyakua upanga na kumuua aliyekuja kumfungua. Radi inamulika uso wa Beleg.

Pale Túrin hana hatia yoyote ninayoweza kuiona. Mwenye kumlaumu kwa hilo hajawahi kuamshwa kwa ghafla gizani. Kama laana ni kitu chenye nguvu zake, basi iliutumia mguu wa mtu na ncha ya chuma, na hakuna hekima ya mwanadamu ingeweza kuizuia. Nakubali hivyo, bila kigugumizi. Ila naomba jambo moja likumbukwe: asingekuwa Taur-nu-Fuin kama angekuwa Doriath. Laana ilihitaji awe nje. Aliyemtoa nje mara ya kwanza ni Saeros. Mara ya pili alijitoa mwenyewe.

Gwindor akamwongoza, akiwa hajitambui kwa huzuni, hadi kwao Nargothrond. Huko Túrin akaficha jina lake. Alikuwa ameshaonja majina mengine, na kila jina jipya lilikuwa jaribio la kuanza upya bila kusamehewa ya nyuma. Finduilas, binti wa Mfalme Orodreth aliyekuwa mchumba wa Gwindor, akampenda. Gwindor, kwa uchungu na kwa uaminifu pamoja, akamwambia binti yule Túrin ni nani hasa. Túrin akamkasirikia kwa kumfichulia jina na kumwitia majaliwa aliyotaka kuyakwepa. Gwindor akamjibu kwamba majaliwa hayamo kwenye jina, yamo ndani yake mwenyewe. Kauli hiyo imenukuliwa sana, na mara nyingi husomwa kama hukumu: ana tabia mbaya, basi ataangamia. Mimi naisikia tofauti. Aliyesema maneno hayo alikuwa mtumwa katika migodi ya Morgoth kwa miaka mingi, amerudi kikongwe kabla ya wakati wake, na mpenzi wake anamtoka mbele ya macho. Anayajua majaliwa kwa ndani. Anamwambia Túrin habari njema: ikiwa yamo ndani yako, si mali ya Morgoth.

Habari hiyo haikupokelewa. Túrin akawa mshauri mkuu wa mfalme, akawashawishi watu wa Nargothrond waache vita vya kuvizia walivyovizoea, watoke wapigane hadharani. Akawajengea daraja kubwa la mawe juu ya mto Narog, mbele ya milango ya mji, ili jeshi lipite kwa urahisi. Katika masika ya mwaka uleule ambao mji ulianguka, wajumbe wawili, Gelmir na Arminas, walileta onyo la Ulmo, Bwana wa Maji, mmoja wa wakuu waliokuwepo kabla ya ulimwengu: fungeni milango, yatupeni mawe ya fahari yenu mtoni. Túrin aliwajibu kwa ukali na dharau. Daraja likabaki. Vuli ilipofika joka Glaurung lilipita juu ya daraja hilohilo.

Kisha tunafika kwenye kitu ambacho kwangu ndicho kiini cha kitabu chote. Túrin anarudi kutoka vitani Tumhalad, walikoshindwa, anakuta mji unaungua. Gwindor amekufa akimwachia neno moja la mwisho: mwokoe Finduilas, ni yeye pekee anayesimama kati yako na maangamizi yako. Joka linamkazia macho Túrin, anashindwa kusogea. Linamsemesha. Linamwita mwana mlelewa asiye na shukrani, mwuaji wa rafiki, mwizi wa mchumba wa mtu, mkimbizi aliyeitupa familia yake. Na Túrin, akiwa ameganda, anajiona kama katika kioo kilichopindwa, na anayaamini. Mateka wanapitishwa karibu naye. Finduilas anamwita kwa jina. Hawezi hata kugeuka. Kisha joka linamwachia na kumwambia mama na dada yake wanateseka Dor-lómin kwa njaa na aibu, akimfuata Finduilas amewaacha wafe.

Hebu tuwapange waliomwambia Túrin kweli katika maisha yake. Mablung alimwambia arudi, kuna haki. Beleg alimwambia amesamehewa. Gwindor alimwambia yuko huru. Wajumbe wa Ulmo walimwambia abomoe daraja. Hao wote hakuwaamini, au aliwaamini asiwafuate. Wa kwanza kuaminiwa papo hapo na kutiiwa bila swali ni joka. Kwa nini? Kwa sababu joka lilimwambia yale ambayo yeye mwenyewe alikuwa akijiambia tangu usiku wa Taur-nu-Fuin, labda tangu korongo la Saeros. Mtu aliyekataa kusamehewa hubaki na mashtaka yake yote mikononi, na yeyote atakayekuja kuyasoma kwa sauti ataonekana mkweli. Glaurung hakuhitaji kubuni mengi. Uongo wake ulikuwa mmoja tu, wa mwisho, nao ukapita pamoja na mengine.

Mama na dada yake walikuwa hawapo. Túrin alikimbia hadi Dor-lómin katika baridi kali akaambiwa na jamaa yake Aerin kwamba Morwen na Niënor walishakwenda Doriath, na kwamba njia ilikuwa salama kwa sababu Upanga Mweusi wa Nargothrond, yaani yeye, alikuwa amewasafisha maorki kusini. Ushujaa wake ulikuwa umewaokoa. Mama na dada walikwenda kumtafuta palepale ambapo Beleg alikuwa amemwomba arudi! Kama angekuwa mezani pa Thingol, Niënor angeingia kwa mlango na kutambulishwa kwake mbele ya watu. Badala yake walimfuata hadi magofu ya Nargothrond, na joka likamfutia Niënor kumbukumbu zote, hata maneno.

Yaliyotokea katika msitu wa Brethil nitayasema kwa haraka, maana wengi wanayajua na hakuna raha kuyarudia. Finduilas alikuwa ameuawa na maorki huko, amechomwa mkuki kwenye mti. Túrin akajiita Turambar, Bwana wa Majaliwa. Akamkuta msichana asiye na jina juu ya kaburi la Finduilas, akampa jina Níniel, wakapendana. Brandir, kiongozi wa watu wale, mwenye mguu mbovu na moyo mpole, aliona kivuli, akamsihi msichana asubiri. Akamtajia hata jina la kweli la mumewe mtarajiwa, na kivuli kikampita msichana usoni, lakini akili iliyofutwa haikuwa na pa kulishika. Wakaoana. Joka likaja, Túrin akaliua kwa ujasiri ambao hakuna anayeweza kumnyang'anya, na joka kabla ya kukata roho likamrudishia Niënor kumbukumbu. Akajitupa mtoni, akiwa na mimba. Brandir akamletea Túrin habari, na Túrin akamuua kwa kusema kweli. Kisha Mablung, yuleyule, akatokea na watu wake wakimtafuta, na kwa maneno ya kawaida kabisa, bila kujua anachokifanya, akathibitisha yote. Túrin akajiangusha juu ya upanga wake, akiwa na miaka 35.

Kwa Níniel, naamini, mambo yalikuwa yamekwisha kufungwa. Sioni kosa lolote katika ndoa ile kwa upande wa Túrin wala wa dada yake, na huwa nasikitika wasomaji wanapoitumia kama ushahidi kwamba alikuwa mtu wa kuangamia. Dhambi isiyojulikana na mtendaji si dhambi yake. Hata hapo, hata baada ya Mablung, bado palikuwa na uwezekano mmoja, nao ni kuishi. Húrin baba yake aliishi na zaidi ya hayo.

Watu hupenda kumlinganisha na binamu yake Tuor, mwana wa Huor. Tuor alizaliwa baada ya vita vilevile, hakumwona baba yake kamwe, akalelewa na Waelfi, akafanywa mtumwa, akawa mkimbizi wa peke yake milimani. Ulmo akamtuma kwa Turgon, naye akaenda. Akamwoa binti wa mfalme, na mwana wao ni Eärendil, aliyekuja kuleta msaada kutoka ng'ambo ya bahari. Ulinganisho una kasoro: Morgoth hakumlaani Tuor, na kumtaka Túrin aishi kama asiye na laana ni kumwonea. Lakini wakati mmoja njia zao zilikutana. Tuor na Mwelfi Voronwë, wakiwa kwenye chemchemi za Ivrin, walimwona mtu mrefu mwenye mavazi meusi na upanga mweusi akipita haraka kuelekea kaskazini huku akimlilia Finduilas. Hawakumjua. Hawakumsimamisha. Mmoja alikuwa amebeba ujumbe wa Ulmo, mwingine alikuwa anayakimbilia maneno ya joka.

Nimalizie na Tolkien mwenyewe, kwa sababu naye hakutulia na mwisho huu. Katika toleo la kwanza kabisa la kisa, aliloliandika karibu na mwisho wa Vita vya Kwanza vya Dunia, baada ya yeye mwenyewe kurudi kutoka mapigano ya Somme, Túrin na Niënor wanafika kwa wafu na Mandos, bwana wa wafu, hawapokei kwa sababu ya yaliyotendeka. Wazazi wao wanaomba. Maombi yanafika kwa Manwë, mkuu wa miungu wa ulimwengu ule, naye anawahurumia. Kaka na dada wanaingizwa katika bafu la moto linalosafisha huzuni na madoa yao yote. Katika miswada ya baadaye Túrin anarudi katika Vita vya Mwisho, na upanga wake mweusi ndio unaompiga Morgoth pigo la mauti. Na katika maandishi ya uzeeni wazo hilo halijafa: kuna utabiri wa Andreth, mwanamke mwenye hekima, kwamba Túrin angerudi kuliua Ancalagon, joka kubwa kuliko yote. The Silmarillion ya 1977 haikuyaingiza.

Wachambuzi wengine huyaona mambo haya kuwa mabaki ya ujana, faraja aliyoihitaji mwandishi aliyetoka vitani akiwa amewazika marafiki. Mimi naona yanajibu swali letu moja kwa moja. Kwa zaidi ya miaka hamsini Tolkien alikuwa akimtafutia Túrin mahali pa kusamehewa, na kila mara ilimbidi apaweke upande wa pili wa kifo, ambako Túrin hakuulizwa tena kama anakubali.